Usiweke saini, shoga yangu

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Lugoba. Sisi wazima, ila bibi magoti yanamsumbua kama kawaida vuli ikikaribia. Wanao hawajambo? Yule wa mwisho ameanza kutembea?

Nakuandikia upesi kwa sababu kuna mtu atakupigia simu, au atakufuata huko huko Arusha na karatasi mkononi. Ni yule anayeomba leseni ya kupasua mawe na kusaga kokoto kwenye kilima nyuma ya shamba lenu. Karatasi hiyo ni ya ridhaa. Nakuomba usiiguse kabla hujamaliza kusoma barua hii.

Jumamosi tuliitwa mkutano wa kijiji. Walisema maneno mazuri: vijana watapata kazi, shule itapata madawati, barabara itachongwa. Nikaomba nafasi. Nikasema mimi sipingi mawe, nyumba yangu yenyewe imesimama kwenye msingi wa kokoto. Ninachopinga ni mahali. Siku moja kabla nilikuwa nimetoka alfajiri nikapima kwa miguu kutoka ukingo wa kilima hadi mlango wa nyumba yenu, anapokaa mjomba wako na wanawe. Hatua 140. Sheria ya Madini ya 2010 inamkataza mwenye leseni kufanya kazi ndani ya mita 200 kutoka nyumba inayokaliwa na watu, isipokuwa mwenye eneo ameridhia kwa maandishi. Ndiyo maana wanakutafuta wewe, maana hati ya shamba ina jina lako.

Unamkumbuka dada yangu aliyeolewa jirani na machimbo? Mwezi uliopita nililala kwake siku mbili. King'ora kikilia, anatoa watoto nje, wanasimama chini ya mti kungoja baruti. Ardhi inaruka chini ya nyayo, na ukirudi ndani unakuta vikombe vimesogea kabatini. Jioni nilimsaidia kuchuma kisamvu. Majani yote yalikuwa meupe. Tulikiosha maji matatu, tukakitwanga, tukakipika kwa nazi, na bado kilisagika menoni kama mchanga. Watoto wanakula hivyo kila siku, shoga. Na vumbi la mawe haya lina silika, yale madini magumu yaliyomo kwenye mchanga. Likiingia mapafuni mwaka baada ya mwaka linaacha makovu, na hakuna dawa ya kuyaondoa. Kina mama wanaogonga kokoto pale wamejifunga kanga puani, basi.

Halafu kuna kisima chetu cha chini ya mwembe. Sasa hivi, mwisho wa kiangazi, kamba inashuka pima tano ndipo ndoo iguse maji. Maji yale yanapita kwenye nyufa za mwamba. Wakichimba shimo refu kuliko kisima na kuweka pampu kulikausha, maji yatafuata shimo. Nilipouliza watatuchimbia kisima kingine wapi, nilijibiwa kwamba nazuia maendeleo. Neno hilo liliniuma sana.

Ndipo akasimama yule babu jirani yenu, ambaye kwenye mikutano huwa hasemi kitu. Akasema, "Leseni ndogo ya uchimbaji ni miaka 7, na inahuishwa. Mjukuu wangu amezaliwa juzi. Ataingia darasa la kwanza hajajua asubuhi bila baruti." Mkutano ukanyamaza.

Tumeshaandika barua ya pingamizi kwa mtendaji, nakala ofisi ya madini na NEMC, lile baraza la taifa la mazingira. Tunataka tathmini ya mazingira isomwe kijijini kwa Kiswahili, na mashine ihamie upande wa pili wa kilima, kwenye pori, ambako hakuna mtu.

Najua watakuja na pesa, na najua ada za Januari zinakukaba. Sitakuambia kwamba shida yako ni ndogo. Ukibanwa kabisa, nipigie mimi kwanza, majirani tuko tayari kuchangishana tukodi kwako hata ekari moja ya kulima. Lakini naomba uandike kwa mkono wako kwamba hujaridhia, upige picha, umtumie mjomba kabla ya Ijumaa. Jumatatu nitaipeleka mwenyewe kwa mtendaji.

Korosho za marehemu mama zimeanza kudondoka. Nimekuokotea kiroba kimoja, nitampa dereva wa basi la Arusha keshokutwa.

Wako wa tangu utotoni,
jirani yako wa Lugoba