Nimeupenda Mji Mkongwe, sasa naomba tuwape chokaa wanaoishi ndani yake

Ndugu Mhariri, salaam. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji niseme jambo ambalo limenikaa moyoni tangu nirudi kutoka Unguja. Nilikwenda kwenye harusi ya ndugu yetu, harusi ikaisha na mie bado nina likizo, nikasema ngoja nihamie Mji Mkongwe nikae kidogo niuone vizuri maana miaka yote sisi wa bara tunauona kwenye kalenda na kwenye simu za watu. Nimerudi Morogoro lakini akili imebaki kule. Kiukweli sijawahi kupenda mji namna hii, na sio kwa ajili ya bahari, bahari hata Tanga ipo na Bagamoyo ipo.

Kilichonishika ni jinsi ule mji ulivyofikiriwa. Unaingia kwenye kichochoro pale Kiponda au Hurumzi saa saba mchana, jua la kuua, lakini ndani ya kichochoro kuna kivuli na kaupepo kanapita, kwasababu nyumba ni ndefu na zimesogeleana makusudi jua lisifike chini, na kuta ni nene kiasi kwamba ukiingia sebuleni unahisi ubaridi bila feni. Nje ya kila nyumba kuna baraza za mawe zimejengwa pamoja na ukuta, watu wanakaa, wanacheza bao, wanaongea siasa na mpira, mvua kubwa ikinyesha maji yakajaa njiani zile baraza ndo zinakua njia ya kupita. Watu wanakutisha eti utapotea, sawa utapotea, ila mji umekaa kwenye rasi, ukitembea kidogo tu utatokea baharini au utatokea barabara ya Darajani, na katikati hapo utakua umesalimiwa na watu kibao. Mimi mtu wa kutembea kwa miguu nilikua kama nimepewa zawadi.

Alfajiri unasikia adhana kutoka misikiti mingi kwa pamoja, baadae kidogo mwenye kahawa anapita na dele lake, vikombe vinagongana. Jioni Kona ya Jaws wazee wamejaa, kahawa chungu na kashata, mgeni akisogea wanamsogezea nafasi. Usiku Forodhani kila mtu anajua, urojo na mishkaki na juisi ya miwa, sina haja ya kueleza. Kitu ambacho sikutegemea ni taarab. Nilikua napita Vuga nikasikia watu wanafanya mazoezi, fidla na ganuni, ile ala yenyewe ya nyuzi nyingi, na mama mmoja anaimba, nikasimama dirishani mpaka walipomaliza. Ule mji una kikundi cha Ikhwani Safaa ambacho kimeanza mwaka 1905, yaani watu wamekua wakipokezana zile nyimbo zaidi ya miaka mia, na Siti binti Saad aliyetoka Fumba akiwa masikini kabisa ndio alikwenda Bombay 1928 akarekodi santuri kwa Kiswahili dunia ikasikia. Haya mambo nilisoma shuleni yakapita hivihivi, lakini ukiwa pale chini ya dirisha unaelewa yalitoka kwa watu gani.

Na milango, Mhariri! Nilikua naangalia mlango mmoja mpaka wenye nyumba wananiuliza kama kuna mtu namtafuta. Ile ya Kiarabu juu ni ya mraba, imechongwa maua na pembeni kuna mnyororo umezunguka fremu yote, ile ya Kihindi ni ya kukunja vipande vipande na imepigwa misumari ya shaba. Fundi alikaa na mti wa msaji miezi na miezi ili tu mtu akifika nyumbani aonekane ni mtu wa heshima.

Lakini sitaki watu wadhani nimependa kama mtoto anavyopenda pipi. Ule uzuri una asili yake na asili nyengine inauma. Nilikwenda Mkunazini kwenye kanisa la Anglikana, lile lililojengwa mahali palipokua soko la watumwa baada ya soko kufungwa mwaka 1873. Nje kuna sanamu za watu wamesimama ndani ya shimo, wamefungwa minyororo shingoni, na nyuso zile huwezi kuziangalia kwa muda mrefu. Soko lilifungwa 1873 lakini utumwa wenyewe hapo Unguja ulikuja kufutwa kisheria 1897, kwahiyo kwa miaka zaidi ya ishirini katikati hapo kuna watu walikua bado wanalima karafuu bila hiari yao, na pesa ya karafuu na ya pembe za ndovu ndo imejenga majumba tunayopiga nayo picha. Wengi wa wale watu walitoka huku kwetu bara, kwa babu zetu. Mimi naona mtu wa bara ana haki ya kuupenda ule mji na ana wajibu wa kusimama pale Mkunazini akae kimya kwanza. Vyote viwili.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike.

Nyumba niliyopanga chumba ilikua jirani na nyumba ya ghorofa mbili ambayo ukuta wake mmoja umeegemezwa kwa magogo. Ndani wanaishi familia kadhaa, kila familia ina chumba chake au viwili, watoto wanatoka asubuhi na sare za shule wanapita chini ya yale magogo. Alikuwepo mzee mmoja anafanya ukarabati nyumba ya upande wa pili, fundi chokaa, nikawa kila asubuhi namsalimia shikamoo mzee na naishia kukaa nae kwenye baraza. Huyu mzee kanifundisha mambo ambayo hakuna muongoza watalii aliyeniambia.

Akaniambia mwanangu, nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, hakuna saruji ndani. Jiwe la tumbawe lina vitundu, linavuta unyevu kutoka ardhini na kutoka kwenye hewa ya bahari ambayo ina chumvi. Plasta ya chokaa inauachia ule unyevu utoke taratibu, ukuta unakauka wenyewe. Ukija wewe na mfuko wa saruji ukapiga plasta ngumu juu yake, unyevu umefungiwa ndani, hauna pa kutokea. Maneno yake mwenyewe, "nyumba ina kifua kama mtu, ukimziba pumzi atakohoa mpaka aanguke." Na akanionesha kwa kidole nyumba zipi zimezibwa, unaona plasta imevimba, imebanduka mapande mapande, nyuma yake jiwe limekua unga.

Halafu kuna boriti. Dari na sakafu za zile nyumba zimebebwa na boriti za mikoko, na mti wa mkoko haurefuki sana kwahiyo vyumba vingi vya Mji Mkongwe ni vyembamba, mita tatu hivi upana, hata kwenye jumba kubwa la tajiri. Ncha za boriti zimezama ndani ya ukuta. Ukuta ukishika unyevu, au bati la juu likivuja, au bomba la choo kilichoongezwa baadae likivujia ndani, ncha inaoza kimyakimya mahali ambapo hakuna anayeona. Siku moja sakafu inashuka. Sakafu ndo imeshika kuta zisiachane, ikishuka sakafu na ukuta unafuata. Kwahiyo mtu akisema nyumba imeanguka kwa mvua ya usiku mmoja sio kweli, ilianza kuanguka miaka kumi nyuma siku bati lilipotoboka na hakukua na pesa ya bati.

Ndo hapo kwenye pesa sasa. Wenye majumba wengi waliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi zikachukuliwa na serikali na watu wa kawaida wakawekwa humo, nyengine ni za wakfu. Waliokaa walikua watu wa kipato cha chini, kodi ndogo, na nyumba ya tajiri wa karne ya 19 inataka matunzo ya tajiri. Ilipofika miaka ya themanini nyumba zilikua zinaanguka moja baada ya nyengine, na Mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe ikaundwa 1985, mwaka 2000 UNESCO wakauingiza mji kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kazi kubwa imefanyika na nawapongeza kwa dhati, bustani ya Forodhani ilivyotengenezwa 2009 inapendeza, zahanati ya zamani ya Tharia Topan pale Mizingani na zile roshani zake za mbao ni kitu cha kujivunia.

Ila hata jumba kubwa kuliko yote halikupona. Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultan Barghash 1883, la kwanza Unguja kuwa na umeme na hata lifti, sehemu ya mbele pamoja na mnara ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 wakati ukarabati unaendelea na watu wawili wakafa. Jumba lenye jina duniani kote, lenye wafadhili, lenye wataalamu. Basi fikiria nyumba ya mama muuza maandazi kule Malindi ambayo haina jina wala mfadhili, na juu wanalala watoto.

Nachoogopa mimi ni hiki. Anayeweza kukarabati vizuri siku hizi ni mwenye hoteli. Sina ugomvi na hoteli, zinaleta ajira na baadhi zimeokoa majumba yaliyokua yanakufa. Lakini kama njia pekee ya nyumba kupona ni kugeuka hoteli, basi familia zitahamia Ng'ambo, ile mitaa ya upande wa pili wa barabara ya Darajani, na mbali zaidi moja baada ya nyengine, na itabaki milango mizuri yenye namba za vyumba. Nani atakaa barazani? Nani atasali ule msikiti mdogo wa mtaani? Zile sauti za mazoezi ya taarab, watoto wa chuo cha Kurani wanasoma kwa pamoja alasiri, bibi anashusha kapu kwa kamba kutoka ghorofani awekewe mkate, hivi ndo vilivyonifanya nipende, na hivi vinataka watu wenye makazi pale. Mtalii anakaa siku tatu anaondoka, hata mimi nimeondoka.

Maombi yangu ni ya kawaida kabisa. Watalii wanaoingia Zanzibar wanalipa tozo za aina mbalimbali, itengwe sehemu ndogo, iwe mfuko wa kuwapa wapangaji na wenye nyumba wa kipato kidogo chokaa na boriti na bati, sio hela mkononi, vifaa vyenyewe pamoja na fundi. Kinachofanya watu wakimbilie saruji sio ubishi, ni kwamba saruji ipo kila duka na inakauka kesho, wakati chokaa lazima ichomwe, izimwe kwa maji, ikae kwenye shimo miezi ndo iwe laini, halafu inapigwa tabaka kwa tabaka na kila tabaka linasubiriwa. Mtu mwenye ukuta unaobomoka leo hawezi kusubiri chokaa ya miezi ijayo. Lakini kama kungekua na mashimo ya chokaa iliyokwisha kuiva, ya umma, mtu anakwenda na kibali chake anachota, hiyo sababu ingekwisha.

La pili ni mafundi. Yule mzee anafanya kazi na kijana mmoja tu, na kijana mwenyewe alisema rafiki zake wote wamekwenda kwenye ujenzi wa tofali kwasababu huko kazi ni za haraka. Vyuo vya ufundi viweke fani ya chokaa na boriti na uchongaji milango, wahitimu wapewe kazi kwenye majengo ya serikali yanayokarabatiwa, mbona kazi ipo nyingi. Na ieleweke sio Unguja tu wanaohitaji, Bagamoyo na Pangani na Kilwa Kivinje kuna kuta za namna hiyohiyo zinasubiri.

Na kwa wenzangu wa bara, nendeni. Msiishie fukwe za kaskazini. Lala mjini, vaa kwa heshima, omba ruhusa kabla hujampiga mtu picha, nunua mkate kwa jirani, salimia wazee, utakaribishwa kwa namna ambayo sijaiona kwengine.

Kwako Mhariri nina ombi moja. Mtume mwandishi wenu na mpiga picha wakae kule wiki moja, wasiende Forodhani, wapite Kiponda, Malindi, Mkunazini na Sokomuhogo, mtaa kwa mtaa, waandike nyumba gani imeegemezwa magogo, wanaishi watu wangapi, bati linavuja au halivuji, ni ya serikali au ya wakfu au ya mtu binafsi. Mkichapisha orodha hiyo, Mamlaka na hao wenye fedha wa ndani na wa nje watakua na pa kuanzia kabla ya masika yajayo. Kama mnahitaji mtu wa kuwapeleka kwa yule mzee, mimi nitapanda boti siku hiyohiyo.

Msomaji wako,
Morogoro