Mrudishie mama elfu mbili yake

Tabata, Dar es Salaam
Jumapili, 14 Septemba

Kwako shoga yangu Mwanaidi,

Salaam aleikum. Ama baada ya salamu, mimi huku ni mzima, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Shangazi anakusalimu sana. Mtoto wa Rehema ameanza kutambaa. Na ile habari ya Kassim ni kweli, lakini hiyo tutaiongea tukionana.

Madhumuni ya barua hii ni ile elfu mbili.

Ujumbe wako wa juzi nimeusikiliza mara nne. Unasema mama alikuja kwako asubuhi moja na noti ya elfu mbili, kasema ni faini yake ya mwezi wa saba, wewe umepekua daftari zima hukuiona hiyo faini, na yeye hakutaka kuondoka mpaka uipokee. Halafu mwisho kabisa ukaongeza kwamba hapo Ngamiani wanasema nimeacha kozi. Nikaanza kukujibu kwa sauti, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Jambo lenyewe ni refu, na wewe nakujua, mtu hajafika katikati umeshaanza kumjibu. Kwa hiyo nimekaa nikaandika, nampa Hamisi, anaondoka kesho alfajiri na basi la kwanza.

Kwanza kabisa, mrudishie pesa yake. Hana faini. Hajawahi kuwa na faini tangu kikoba chetu cha kuweka na kukopa kianze, wewe mweka hazina unajua kuliko mimi. Faini hiyo imetoka kwangu mimi, kwenye kompyuta yangu, na nitakueleza ilivyokuwa.

Pili, sijaacha. Siku mbili sikwenda, Jumatatu na Jumanne, hizo ndizo zimefika Tanga zikiwa zimegeuka kuacha kabisa. Jumatano nilirudi na mpaka leo niko.

Sasa sikiliza. Unajua mama alivyowatangazia watu kwamba najifunza kodi, mpaka Mzee Bakari akamwambia nikimaliza niingie TRA nimpunguzie ya duka. Nimeshamweleza mama kwamba kodi hii si ya mapato wala ya nyumba, ni maandishi ya kuiamrisha kompyuta ifanye kazi. Ananiitikia, kisha namsikia kwenye simu anamwambia mtu mwingine vilevile. Kozi yenyewe wenyewe wanaiita butikampu, ni wiki 16, na tuko wiki ya 11. Tulianza watu 31, tumebaki 22. Asubuhi mwalimu anafundisha jambo moja kwa muda wa saa moja hivi, kisha tunawekwa wawili wawili kwenye kompyuta moja. Mmoja anaandika, mwenzake anasoma kila mstari na kuuliza kwa nini, baada ya nusu saa wanabadilishana. Ukikwama hupewi jibu. Mwalimu anakuuliza umejaribu nini, na ukisema hujajaribu kitu anakwenda zake. Mwezi wa kwanza nilikuwa narudi nyumbani kichwa kinawaka, daladala mbili, nasinzia nimesimama. Sasa nimezoea, na nakwambia kweli Mwanaidi, sijawahi kupenda kazi namna hii. Kuandika kitu, kikakataa, ukakitafuta saa tatu nzima, kikakubali. Nilipofanikiwa mara ya kwanza nilisimama kitini nikapiga kelele, na hakuna aliyenicheka, maana wote walishapitia.

Wiki ya nane tuliambiwa kila mtu achague kazi yake ya mwisho. Wengine wanatengeneza duka la nguo, wengine programu ya kuagiza chakula. Mimi nikasema kikoba. Nikasema natengeneza programu ya kusoma malipo ya wanachama yanayoingia kwa simu, inajua nani kalipa mchango kati ya tarehe 1 na tarehe 5, nani kachelewa, nani anadaiwa faini. Nilikuwa nakufikiria wewe unavyokesha na daftari, kalamu mbili, nyekundu na bluu. Ili nipate kitu halisi cha kujaribia nikamwomba mama anitumie jumbe zake zote za malipo ya mwaka huu. Akanitumia moja moja, siku nzima.

Ijumaa ile ikawa zamu yangu kuonyesha mbele ya darasa. Programu inafungua vizuri, majina yanajipanga, rangi zinapendeza. Halafu kwenye mstari wa mama, Julai, likaonekana neno jekundu: AMECHELEWA. Faini 2,000. Mwalimu akauliza, hii ni sahihi? Na mimi nikajibu, ndiyo, labda kweli alichelewa.

Nikamaliza, wakanipigia makofi.

Jioni nikampigia mama. Sikumuuliza habari ya vitumbua, sikumuuliza goti lake. Nikamuuliza, mama, mwezi wa saba ulichelewa kulipa? Akanyamaza kidogo. Akasema, "Mwanangu, mimi nakumbuka nililipa mapema. Lakini kama kompyuta imesema nimechelewa, nitailipa." Kwa sauti ya upole kabisa, kama mtu anayeomba radhi. Nikamwambia sawa. Nikakata simu.

Ndiyo hiyo elfu mbili aliyokuletea.

Usiku sikulala. Ilinijia kwamba mama hulipa tarehe 1 kila mwezi, tena usiku, anapoamka kukoroga unga wa vitumbua, kabla pesa haijaota miguu. Hivyo ndivyo anavyosema mwenyewe. Sasa mtu wa namna hiyo anachelewaje? Nikaamka nikafungua ujumbe wenyewe wa Julai. Uko pale, tarehe 1, saa nane na dakika kumi usiku. Nilikuwa nao kwenye simu yangu muda wote. Ningeusoma kwa macho tu nisingehitaji programu. Mwanaidi, kosa la kompyuta linarekebishika. Lakini mimi kuamini rangi nyekundu niliyoiweka kwa mkono wangu mwenyewe, nikamtilia shaka mama yangu mbele ya watu 21! Ndiyo maana Jumatatu sikwenda. Nikajiuliza, kama mimi niliyeiandika naweza kuiamini hivi, je, mwanachama asiye na wa kumtetea? Angelipa tu, na angeona aibu.

Jumanne usiku ndipo nikaitafuta sababu. Na sababu yenyewe, wallahi, imenifanya nimkumbuke bibi yangu.

Kompyuta hizi huhifadhi muda kwa saa za dunia nzima, zinaitwa UTC, na sisi tuko mbele yake kwa saa 3. Hilo tulifundishwa. Lakini kuna amri moja ya JavaScript, lugha tunayoandikia programu, niliitumia kukata tarehe kutoka kwenye muda, fupi na nzuri, wote darasani tunaitumia, na yenyewe hutoa tarehe ya UTC, si ya kwetu. Kwa hiyo mama anapolipa saa nane na dakika kumi usiku, tarehe 1 Julai, kule kwenye UTC bado ni saa tano na dakika kumi usiku, tarehe 30 Juni. Programu ikatafuta malipo ya tarehe 1 mpaka 5 Julai, haikuona kitu. Malipo yake ilishayaweka Juni, mwezi ambao alikuwa amekwisha kulipa. Yeyote anayelipa kati ya saa sita na saa tisa usiku kwa kompyuta yangu yuko jana. Miezi mingine iliyobaki alilipa saa tisa na nusu, saa kumi, ndiyo maana haikuonekana.

Dawa ni mistari miwili tu, unaitaja kanda ya saa kwa jina, Africa/Dar_es_Salaam, iko tayari kabisa ndani ya lugha. Nimeshairekebisha. Lakini hapo ndipo bibi aliponijia. Unakumbuka alivyokuwa akisema "usiku wa Ijumaa" tukabishana naye kwamba ni Alhamisi? Kwake siku mpya ilianza jua likizama. Serikali siku yake inaanza saa sita usiku. Na ile UTC siku yake inaanza saa tisa usiku kwa saa zetu. Sasa kikoba chetu siku yake inaanza saa ngapi? Nimemuuliza mwalimu, akasema hilo si la kompyuta, waulize wenye kikoba. Kwa hiyo nakuuliza wewe mweka hazina. Mtu akikuletea mchango tarehe 5 baada ya magharibi, unamwandikia tarehe ngapi? Akituma kwa simu saa tano usiku, umeshalala, je? Katiba inasema "mwisho tarehe 5", haisemi saa. Mpaka leo mmekwenda kwa kuelewana, na kuelewana ndiko nisikojua namna ya kukuandika.

Na hapa ndipo penye ombi langu. Naomba unipigie picha kurasa tatu za daftari, zozote, za miezi yenye vurugu. Majina yafunike kwa karatasi, sitaki siri za watu. Ninachotaka ni pembeni. Nakumbuka nilipokuwa nakusaidia kujumlisha nililiona, pembeni umejaza maneno madogo: "kafiwa", "yuko Muheza", "atalipa Ijumaa", "kasamehewa". Programu yangu haina mahali pa kuandika "kafiwa". Inajua kalipa na hajalipa basi. Na faini nyingi ulizozikata kwa kalamu nyekundu zina neno pembeni, sivyo? Nataka niyaone hayo maneno yote kabla sijaandika mstari mwingine. Nilianza kazi hii bila kukuuliza, nikijua kila kitu kwa kuwa tu mama yangu ni mwanachama.

Kuhusu Shabani. Umeuliza ajiunge na kozi hii au asijiunge, na kwamba nyumbani wanafikiria kuuza cherehani ili apate ada. Shoga, msiuze cherehani. Bado. Mwambie aanze na vya bure: kuna freeCodeCamp, kuna somo la CS50 la Harvard, yote yanapatikana kwenye intaneti bila kulipa, anachohitaji ni bando na kompyuta ya kuazima. Afanye miezi miwili bila mtu kumsukuma. Akiona bado anaamka nayo, ndipo tuongee ada. Na akifikia kusaini, asome karatasi. Mimi wakati naandikishwa niliambiwa kwa mdomo "tutawatafutia kazi". Karatasi inasema "tutawaunganisha na waajiri". Hayo si maneno yanayofanana hata kidogo, na matangazo ya kazi ninayoyaona mengi yanataka uzoefu wa miaka miwili. Sisemi nimejuta. Nasema laiti ningeisoma vizuri ile karatasi.

Mkopo wangu usiwe na wasiwasi nao, maana wewe ndiye mdhamini na najua umelala nao kichwani. Rejesho la mwezi ujao litaingia tarehe 1 kama kawaida. Jumamosi na Jumapili bado namsaidia shangazi kwenye duka lake la vitambaa, na kuna mteja wake mmoja ananitaka nimtengenezee programu ndogo ya hesabu za mzigo. Hajasema bei. Nami sijui nitaje ngapi, hilo nalo lingehitaji barua yake.

Narudi kwenye elfu mbili. Nilimpigia mama Jumatano asubuhi kabla sijaingia darasani. Nikamwambia, mama, hukuchelewa, ni mimi niliyekosea, nisamehe. Akacheka. Akasema, "Si nilikwambia nililipa mapema?" Kisha akaniuliza nimekula nini. Lakini hakuniambia kwamba pesa ilishafika kwako, hilo nimelijua kwa ujumbe wako, na limenichoma upya. Ijumaa iliyopita nilisimama tena darasani, bila kuitwa, nikawaambia wenzangu kilichotokea, na wanne wakafungua kazi zao wakakuta amri ileile. Mmoja wao anatengeneza programu ya zahanati, ya tarehe za watoto kurudi kuchanjwa. Tukatazamana tu.

Sasa nijibu haya, usiniruke hata moja. Goti la mama kweli limepungua au ananificha? Mgao wa mwaka huu mnaufanya kabla ya Desemba au mpaka mikopo yote irudi? Mkigawa faida kwa hisa, zile shilingi chache zinazobaki ambazo hazigawanyiki, mnazipeleka mfuko wa jamii au anapewa mtu? Funguo za sanduku bado ziko kwa watu watatu walewale? Nani alianza kusema nimeacha kozi, Mwanahawa? Na wewe mwenyewe, kifua kimepona? Dawa ya Bi Saumu uliimaliza? Tarehe 5 yako inaisha saa ngapi?

Picha zipige mchana, uani, daftari likiwa limelala mkekani, na kivuli cha mkono kisizibe tarehe. Hamisi anarudi Alhamisi, kama bando lako ni dogo zihamishie kwenye simu yake, zipitie kwake.

Ni mimi rafiki yako,
Zuhura

N.B. Najua mama atakataa kuipokea hiyo elfu mbili. Usibishane naye. Mfungulie daftari, ukurasa wa mwezi wa saba, muwekee kidole kwenye mstari wake. Mwandiko wako anausoma.