Harambee ya darasa la chini ya mwembe: tunaomba bati, miwani na (ndiyo) nauli

Asalaam aleykum, Bwana asifiwe, shikamooni wakubwa wote. Naandika kwa niaba ya kamati ya darasa la kisomo la hapa mtaani kwetu Mbagala, lile la akina mama wanaokaa chini ya mwembe karibu na kisima. Najua kila mmoja wenu sa hivi ana kadi tatu za harusi hajazilipia, kuna misiba, kuna ada, mwenye nyumba naye anapiga simu, ila naomba mnisome mpaka mwisho maana safari hii nimeandika kirefu na kuna sababu.

Sababu yenyewe ni kwamba kwenye kikao cha mwezi uliopita tulivyosoma bajeti mzee wetu mmoja, namheshimu sana na ndo aliyetupa ubao wa kwanza, akasimama akauliza hivi nyie mnachangisha darasa au mnachangisha daladala? Watu wakacheka, mi mwenyewe nikacheka. Alikuwa anaulizia ile 480,000 tuliyoandika "nauli ya kutembelea majumbani". Pale nilibabaika, sikumjibu kitu cha maana. Sasa namjibu hapa, na jibu langu mzee wangu linaanzia mbali kidogo, linaanzia Brazil.

Kuna profesa mmoja wa elimu anaitwa Paulo Freire, waliosomea kufundisha watu wazima lazima wamemsikia. Alizaliwa tarehe 19 Septemba 1921 katika mji wa Recife, kaskazini mashariki mwa Brazil, huko kwenye mashamba ya miwa na ukame na watu wasio na kitu. Kusoma alifundishwa na wazazi wake nyumbani kabla hajaanza shule, uani, kwenye kivuli cha miembe, ardhi ndo ubao na kijiti ndo chaki. Miembe jamani! Niliposoma hilo nilicheka peke yangu. Baadaye uchumi wa dunia ukaanguka 1929, familia ikayumba, wakahamia mji mwingine unaitwa Jaboatão, alivofika miaka 13 baba yake akafariki. Njaa ikaingia ndani. Mwenyewe alikuja kusimulia ukubwani kwamba kuna kipindi darasani alikuwa haelewi kitu, si kwamba akili hana, tumbo lilikuwa tupu.

Alisomea sheria lakini uwakili ulimshinda mapema sana, kesi yake ya kwanza alitakiwa amkamue daktari wa meno kijana aliyeelemewa na deni, akamwonea huruma, akaachana na hiyo kazi moja kwa moja. Alikuwa anafundisha Kireno sekondari, na mke wake Elza, waliooana 1944, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Huyu Elza mkumbukeni, atarudi sa hivi.

Mwaka 1947 akaajiriwa kwenye shirika moja la ustawi wa wafanyakazi wa viwandani, linaitwa SESI, upande wa elimu. Hapo akakaa kama miaka kumi. Kazi ilikuwa ni shule za watoto wa wafanyakazi, ila ukishika watoto umeshashika na wazazi, kwa hiyo akajikuta kila siku yuko kwenye mambo ya familia, baba kafanyaje, mama anasemaje, mtoto kwa nini haji shule. Wakafanya utafiti kuhusu wazazi kupiga watoto, wakakuta mjini na huko bara viboko ni vikali kwelikweli, ila pwani kwa wavuvi watoto wanaachiwa zaidi. Basi profesa wetu akaandaa mhadhara. Akawakusanya wazazi jioni, akawaeleza kitaalamu kabisa habari za mtoto na adhabu, kwa kutumia maandishi ya Piaget, yule mtaalamu wa Uswisi wa mambo ya akili za watoto, kwamba viboko havijengi, zungumza na mtoto.

Alipomaliza akasimama mfanyakazi mmoja, mtu wa kama miaka 40 hivi. Kwa heshima zote, akamuuliza kama anajua wao wanaishi wapi, kama ameshawahi kuingia kwenye nyumba ya yeyote kati yao. Akaanza kuelezea vyumba vyao, kubanana, hakuna nafasi. Alafu akaielezea nyumba ya profesa, na hakuwahi kufika! Una chumba chako na mkeo, watoto wa kike wana chao, wa kiume wana chao, kuna chumba cha vitabu, bafuni kuna maji ya moto. Na yote akapatia. Akamwambia ni kitu kimoja kurudi umechoka ukakuta watoto wameoga wameshiba, na ni kitu kingine kurudi ukakuta wana njaa, wachafu, wanalia, na wewe saa kumi alfajiri unatakiwa uamke tena. Tukiwapiga, akasema, si kwamba hatuwapendi.

Freire anasimulia kwamba alitamani ardhi immeze. Kwenye gari wakati wa kurudi akamlalamikia Elza kwamba alijitahidi kueleza vizuri lakini anaona hawakumwelewa, na Elza akamrudishia swali, isije ikawa ni wewe ambaye hukuwaelewa wao?

Hilo swali la Elza mi naliona limezidi hata mhadhara wenyewe. Freire hakulisahau. Ameandika mambo mengi magumu, mengine nimesoma mara tatu bado kizunguzungu, lakini hii ya mfanyakazi na nyumba yake ndo ufunguo, yaani ukishaielewa hii yale mengine yanafunguka.

Maana angalia alichokuja kufanya. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 akiwa Chuo Kikuu cha Recife, profesa mzima wa historia na falsafa ya elimu, akaanza kufundisha watu wazima kusoma, na hakuanza na vitabu. Walianza kwa kwenda wanakoishi watu, kukaa nao, kusikiliza wanaongea nini, wanalalamikia nini, ndo wanachagua maneno. Mfano neno tofali. Wanaonyeshwa picha ya watu wanajenga, wanaongea kwanza, nani anajenga, nyumba ni ya nani, anayejenga analala wapi. Kelele zikitulia ndo neno linaandikwa, linakatwa, na kila kipande kinaletwa na ndugu zake wote. Kwao tofali ni tijolo, ila sie kwetu ndo raha zaidi maana Kiswahili kimekaa tayari kukatwakatwa: to-fa-li, ta te ti to tu, fa fe fi fo fu, la le li lo lu. Hapo mtu anaanza kutunga maneno yake mwenyewe ambayo hakuna aliyemwambia.

Mwaka 1963 kwenye mji mdogo wa Angicos walichukua watu kama 300 wakawafundisha kwa masaa 40. Rais wa Brazil, João Goulart, alikuja mwenyewe kwenye kufunga. Na msichukulie poa, enzi hizo Brazil asiyejua kusoma haruhusiwi kupiga kura, kwa hiyo kila aliyeandika jina lake ni kura mpya. Serikali ikapanga kueneza nchi nzima. Wengine hawakupenda kabisa. Machi 1964 jeshi likapindua, mpango ukafutwa, profesa akawekwa ndani siku kama 70 kisha uhamishoni, Bolivia, Chile, Marekani, mpaka Geneva. Kwao alirudi 1980. Alifariki São Paulo tarehe 2 Mei 1997.

Na msije mkasema nimewaletea mtu wa mbali mtaani kwetu. Dar alifika, miaka ya 1970, akazungumza na watu wa elimu ya watu wazima hapa hapa. Na alikuta sie tumeshaanza zamani, Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, alafu 1973 ikaja kampeni ya afya ya Mtu ni Afya, watu wanakaa vikundi wanasikiliza redio wanajadili, kesho yake wanachimba choo. Bibi zetu wengi walisoma ngumbaru, yaani hayo madarasa ya watu wazima. Kwa hiyo hii si mgeni kwetu, tumeisahau tu.

Sasa turudi kwetu, na hapa nakiri kosa langu.

Mwaka jana tulianza na akina mama 31. Tukawapa vitabu vya watoto wa darasa la kwanza, ndo vilivyopatikana. Mama wa miaka 52, amezaa amelea amezika, anakaa kwenye mkeka anasoma "a-na-ta-ka ba-ta". Muda tulipanga saa kumi jioni kwa sababu ndo uliowafaa walimu wetu wa kujitolea. Wiki ya sita walibaki 9. Na mimi kwa mkono wangu nikaandika kwenye ripoti "mwamko mdogo". Nikilikumbuka hilo neno naona aibu mpaka leo.

Ikabidi twende majumbani, mwalimu wetu wa kike na mimi, daladala mbili kwenda mbili kurudi kwa wale waliohamia kule ndani ndani. Kumbe saa kumi ndo maji yanatoka, ukikosa foleni ya kisima umeshindwa kupika. Mwingine saa kumi ndo anakanda unga wa maandazi ya kesho. Mwingine ana mjukuu mchanga kaachiwa na binti yake, na tulishatangaza darasani kwamba watoto wanasumbua wasiletwe. Tulisema wenyewe! Mwingine mumewe alitumiwa meseji ya utapeli, hela ikaenda kwa sababu hakuna mtu ndani anayeweza kuisoma mpaka mwisho, na baada ya hapo akachukia kila kitu chenye herufi.

Na kuna mama mmoja anauza samaki, tulishamweka kwenye kundi la "wazito". Tukamkuta barazani, tukampa daftari, akawa anasogeza daftari mbali na uso, mbali, mbali mpaka mkono ukaisha. Herufi za kwenye daladala ng'ambo ya barabara anazitaja moja moja. Za kwenye daftari haoni! Miwani ya kusomea ya elfu nane, basi. Siku tulompelekea aliishika hakuivaa, akaifunga kwenye kona ya khanga, akasema ataivaa akiwa peke yake. Wiki ya pili alisoma ukurasa mzima.

Mzee wangu, hiyo miwani ilipatikana kwa nauli. Bila nauli yule mama angekuwa bado "mzito".

Tukabadilisha muda ikawa saa nane mchana, watoto wakaruhusiwa, na vitabu vya bata tukavirudisha. Siku ya kwanza mwalimu akauliza tu, neno gani linawanyima usingizi? Wakasema kodi. Tukakaa karibu saa nzima watu wanaongelea kodi, mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, mwingine kapandishiwa bila barua, kelele mpaka majirani wakachungulia. Alafu ndo ikaandikwa ubaoni, KO-DI. Ka ke ki ko ku, da de di do du. Haya tungeni. Likatoka dada, likatoka kaka, kuku, dudu, vicheko. Bibi mmoja muuza maandazi alikuwa kimya muda wote, akainuka taratibu, akaweka kidole kwenye du, akakipeleka kwenye ka. Duka, akasema. Akarudia, duka. Alafu akamwomba mwalimu chaki aliandike mwenyewe, na hilo k aliliandika limegeuka na hakuna aliyemsahihisha.

Sa hivi tuko 26.

Sasa hela. Masika iliyopita tulipoteza karibu wiki tano, mwembe hauzuii mvua, kwa hiyo kubwa kuliko yote ni banda. Bati 24 kwa 28,000 inakuja 672,000, mbao na misumari 310,000, fundi kakubali 200,000 baada ya kubembelezwa sana. Miwani 20 ni 160,000. Daftari, chaki na ubao wa pili 150,000. Uji wa watoto pamoja na dada anayewaangalia wakati mama zao wanasoma, 60,000 kwa mwezi, mwaka 720,000. Na nauli yenu ile, 40,000 kwa mwezi, 480,000. Jumla 2,692,000. Kwenye kisanduku tuna 415,000, akina mama wenyewe wamechanga kwa mia tano mia tano, kwa hiyo pengo ni 2,277,000. Walimu hawalipwi na hawajaomba.

Harambee ni tarehe 8 Septemba, Siku ya Kisomo Duniani, saa nane mchana hapo hapo chini ya mwembe. Mgeni rasmi hatuna, tumeona soda na zawadi ya mgeni rasmi ni bati tatu. Hakuna kadi pia. Mtatangaziwa na mama wa maandazi, atasoma majina ya waliochangia yeye mwenyewe kwenye karatasi, kwa hiyo mwenye jina refu avumilie.

Walioko mbali, Muscat, Nairobi, popote, namba ya mweka hazina mnayo kwenye grupu, tumeni alafu andikeni jina maana mara iliyopita tulipata 50,000 mpaka leo hatujui tumshukuru nani. Ahadi tunapokea ila mwisho ni tarehe 30 Septemba, mnatujua. Asiye na hela aje na mbao, na mwenye miwani ya zamani ya mama yake imekaa kwenye droo aipitishe. Na wewe uliyemaliza kujenga mwaka jana kule Chamazi una bati zimebaki nyuma ya nyumba, tumeziona, hata zikiwa na matundu mawili matatu sema tu, tunakuja na mkokoteni.