Duka lako lianzie wapi mtandaoni: WhatsApp, Google, Facebook, Instagram au TikTok?

Ombi tunalolisikia sana hapa Mbeya ni hili: "Nifungulieni zote, Facebook, Instagram, TikTok na hiyo ya Google." Ushauri wetu, ndugu mteja, ni kufungua mbili na kuzitunza. Kurasa tano zilizolala, zenye bei za mwaka juzi na namba isiyopatikana, humfanya mnunuzi adhani umefunga biashara.

Zote ni za bure kwa maana kwamba hulipi kuzifungua. Lakini zinakula bando, zinakula muda, na kila moja ina kazi yake. Kwa hiyo kabla ya kuchagua, mwangalie mnunuzi wako. Je, anakufahamu tayari na namba yako anayo? Hakujui, lakini leo hii anatafuta mbegu za viazi au fundi wa friji? Au hana habari na wewe wala na bidhaa yako? Wa kwanza ni wa WhatsApp, wa pili ni wa Google, wa tatu ndiye wa Facebook, Instagram na TikTok. Duka la pembejeo Uyole linaishi kwa wa kwanza na wa pili. Muuza mbao wa Mafinga anayetaka oda za Dar es Salaam na Dodoma anamhitaji sana huyo wa tatu.

WhatsApp Business: hapa ndipo pa kuanzia

Programu hii ilitoka mwaka 2018, tofauti na WhatsApp ya kawaida, na bado wapo wafanyabiashara wengi wanaouza kwa ile ya kawaida. Faida yake kubwa ni katalogi. Unaweka bidhaa hadi 500, kila moja na picha, bei na maelezo, na mteja anachagua mwenyewe bila wewe kumtumia picha 20 zinazomalizia bando lake. Andika jina la bidhaa pamoja na kipimo: "Mchele wa Kyela, kilo 25" inauza kuliko "Mchele safi". Picha zipigwe nje, kivulini, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Taa za ndani ya vibanda vya soko huufanya mchele mweupe uonekane wa njano, na mteja akija anasema si ule aliouona.

Faida ya pili ni lebo: mteja mpya, oda mpya, anasubiri kulipa, amelipa. Ukiwa na oda 30 kwa siku, lebo ndizo zitakazokukumbusha nani alilipa na mzigo wake haujapakiwa kwenye basi. Ya tatu ni ujumbe wa makaribisho, unaojituma kwa anayekuandikia mara ya kwanza au aliyekaa siku 14 bila mawasiliano nanyi. Upo pia ujumbe wa "tumefunga kwa sasa", ila huu una sharti ambalo wengi hawalijui: simu lazima iwe na intaneti. Bando likikatika usiku, haujitumi, na mteja anaachwa bila jibu.

Kuhama kutoka WhatsApp ya kawaida kuna mpangilio wake, na ukiruka hatua unapoteza mazungumzo. Kwanza hifadhi nakala ya mazungumzo. Kisha pakua WhatsApp Business ukiiacha ile ya zamani ilipo. Weka namba ileile, thibitisha kwa msimbo wa tarakimu 6, kubali kuhamisha mazungumzo, subiri imalize. Hapo ndipo uifute ile ya zamani. Namba moja haikai kwenye programu zote mbili kwa wakati mmoja, hivyo kama unataka ya nyumbani ibaki ya nyumbani, tafuta laini ya pili.

Hiyo laini isajiliwe kwa kitambulisho chako wewe mwenye biashara. Tunalisisitiza hili kuliko jambo lolote kwenye makala haya, kwa sababu laini iliyosajiliwa kwa jina la kijana wa dukani ni mali ya kijana wa dukani. Akiacha kazi, anaondoka na namba iliyo kwenye bango, kwenye stika na kwenye simu za wateja wote, na huna pa kuidai. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kumpa msaidizi nafasi ya kujibu wateja hakuhitaji kumpa laini: akaunti moja inaunganishwa na vifaa vingine 4, vikiwemo kompyuta. Ila simu mama isipotumika kwa zaidi ya siku 14, vifaa hivyo vinatolewa.

Sasa suala la kutangaza. Orodha ya matangazo inapokea watu hadi 256, na kila mmoja anaupata ujumbe kama wake peke yake. Tatizo ni kwamba asiyeihifadhi namba yako haupati kabisa, wala programu haikwambii. Ndiyo maana mtu anatuma kwa watu 200 na wanajibu wawili. Dawa yake iko kaunta: unapotoa risiti, mwombe mteja ahifadhi namba palepale, na jina la duka utamkie. Status nayo inataka mhifadhiane namba, wewe na yeye. Kundi linachukua watu 1,024, lakini kwa biashara ya rejareja hatulipendekezi. Kila aliyemo anaona namba za wenzake, mshindani anaingia na kuchukua wateja mmoja mmoja, na tapeli anaweka picha ya duka lako kisha anawaandikia pembeni kwamba namba ya kulipia imebadilika. Na ukiwatumia watu wasiokuomba, wakakuripoti na kukuzuia kwa wingi, WhatsApp inaifungia namba.

Google: kwa anayekutafuta bila kukujua

Wasifu wa biashara wa Google ndio unaofanya duka lionekane mtu akiandika "spea za pikipiki Mbeya", na ndio unaochora alama kwenye ramani. Kwa maoni yetu, hii ndiyo huduma ya bure inayodharauliwa kuliko zote katika mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini.

Anza kwa kulitafuta jina la duka lako kwenye ramani. Huenda mtu mwingine alishaliweka, na hapo unadai umiliki badala ya kuunda la pili litakalogongana nalo. Jina liandike kama lilivyo kwenye bango la mlangoni. Ukiongeza maneno kama "duka bora la bei nafuu Mbeya", wasifu unaweza kusimamishwa. Kisha chagua aina ya biashara, na hapa chagua iliyo karibu zaidi na kazi yako: "duka la vifaa vya ujenzi" inakupeleka mbele ya watu sahihi kuliko "duka".

Alama ya ramani ikuze mpaka uone bati la jengo lako, uisogeze kwa kidole. Ukiacha Google iweke yenyewe, mara nyingi duka la ndani Mwanjelwa linatua katikati ya barabara ya TANZAM, na mteja anazunguka na bajaji. Ukibonyeza alama hiyo utaona msimbo mfupi wa herufi na tarakimu wenye alama ya kujumlisha. Ukiuandika pamoja na neno Mbeya, unamfikisha mtu mlangoni. Tunashauri uchapwe kwenye kadi ya biashara, kwani maelekezo ya "ulizia pale kwenye mwembe" hayamsaidii dereva anayetoka Tunduma.

Uthibitisho ndio unaowakwamisha wengi. Google mara nyingi huomba video isiyokatwa wala kuhaririwa, ya angalau sekunde 30. Anza nje: onyesha mtaa na maduka jirani, kisha bango lako lenye jina lilelile uliloandika, kisha bidhaa ndani, mwisho kitu kinachothibitisha kwamba wewe ndiye mwenyewe, kama kufungua mlango kwa ufunguo au leseni ya biashara ukutani. Video inayokataliwa huwa ni ya mwenye duka lisilo na bango, au aliyepiga ndani tu. Majibu huchukua hadi siku 5 za kazi.

Fundi asiye na duka, wa sola au mabomba, anaweza kuficha anwani na kutaja maeneo anayohudumia, hadi 20: Mbalizi, Uyole, Tukuyu, Vwawa na kuendelea.

Kwa waliotengenezewa zamani ile tovuti ya bure ya Google iliyoishia na business.site: Google ilizifunga tovuti hizo Machi 2024. Kama anwani hiyo bado iko kwenye kadi zako au ubavuni mwa gari, ifute, kwani haimfikishi mtu popote.

Facebook, Instagram na TikTok

Facebook: fungua ukurasa wa biashara, usitumie akaunti binafsi. Akaunti binafsi inakomea marafiki 5,000, ukurasa hauna kikomo hicho, na unaweza kuwa na wasimamizi zaidi ya mmoja. Weka wawili, ili simu ya mmoja ikiibiwa ukurasa usipotee. Lakini ujue kwamba wafuasi wako wengi hawataliona kila bandiko lako. Kwa biashara ya mkoani, makundi ya kuuza na kununua humo Facebook mara nyingi yanafanya kazi kuliko ukurasa wenyewe.

Instagram ni ya kitu kinachovutia macho: nguo, keki, saluni, samani, vyumba vya wageni. Kosa la kila siku ni kubandika kiungo kwenye maelezo ya picha. Hapo hakibonyezeki. Kiweke kwenye wasifu wako, na kiwe cha kumpeleka mtu WhatsApp moja kwa moja: wa.me/ kisha 255 na namba yako bila sifuri ya mwanzo. Ukiandika wa.me/07 na kuendelea, hakifunguki.

TikTok inampelekea video mtu asiyekufuata, na hapo ndipo inapozishinda nyingine. Muuza parachichi wa Rungwe mwenye wafuasi 40 anaweza kuonwa na watu wengi wa Mwanza. Basi taja mapema kwenye video uko wapi, bei ni shilingi ngapi na mzigo unasafirishwaje, la sivyo utajibu swali moja mara 300. Tabia ya "bei njoo inbox" tunaipinga waziwazi. Mnunuzi anayetafuta bei anapita kwa jirani aliyeiandika. Piga video simu ikiwa wima, na kumbuka kuwa akaunti ya biashara hairuhusiwi nyimbo zote, ni zile za maktaba ya matumizi ya kibiashara.

Telegram inafaa ukiwa na mafaili makubwa, hadi GB 2 kwa faili, mfano michoro ya ujenzi. X (zamani Twitter) hatuipendekezi kwa duka: ilizuiwa nchini Mei 2025, na biashara haipaswi kutegemea mlango wa namna hiyo.

Canva, na kwa nini kipeperushi chako kinatoka na ukungu

Canva ni programu ya kusanifu matangazo na vipeperushi, na ile ya bure inatosha kutengeneza tangazo la status. Shida inaanza kwenye kuchapa. Picha ya kioo cha simu (screenshot) yenye upana wa pikseli 1,080 inachapika vizuri kwa upana wa sentimita 9 tu. Kipeperushi cha A5, milimita 148 kwa 210, kinataka pikseli 1,748 kwa 2,480. Kwa hiyo usilete picha ya kioo. Pakua kama PDF ya kuchapa, uitume WhatsApp kama hati, kwani ukiituma kama picha inabanwa na herufi ndogo zinavimba.

Acha milimita 3 za ziada pande zote kwa ajili ya kukata, na maandishi yasiukaribie ukingo. Rangi nayo: toleo la bure halitoi faili la rangi za mashine ya uchapaji, hivyo kijani kinachowaka na bluu ya umeme kwenye simu vitapoa kwenye karatasi. Omba nakala moja ya majaribio kabla ya kuchapa 500.

Unapotunza kumbukumbu zako

Akaunti ya Google inakupa GB 15, zinazogawanywa na barua pepe, picha na mafaili. Siku hizi hata nakala za WhatsApp za simu za Android zinahesabiwa humo. Zikijaa, Gmail inaacha kupokea barua, na aliyekutumia oda au majibu ya zabuni anarudishiwa ujumbe wake. Angalia kila mwezi, futa video kwanza. Akaunti isiyoguswa miaka miwili Google inaweza kuifuta.

Majina na namba za wateja ziwe pia kwenye jedwali lako mwenyewe au hata daftari: jina, namba, alinunua nini, lini. Ukurasa ukifungwa usiku, kesho yake unawapigia. Ila zitunze vizuri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na orodha ya wateja ni taarifa binafsi: uliza ridhaa kabla ya kumtumia mtu matangazo, na usiiuze wala kuigawa.

Leo hii, kabla hujalala, washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp. Ni namba ya siri ya tarakimu 6 unayoichagua mwenyewe. Ule msimbo unaokuja kwa SMS usimtajie mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni wa kampuni ya simu.

Ukija kwetu kufunguliwa huduma yoyote kati ya hizi, njoo na simu yenye chaji, laini ya biashara ikiwa ndani, kitambulisho, leseni na picha tano au sita za bidhaa. Kazi ya Google tunaimalizia dukani kwako, kwa sababu video lazima ipigwe pale. Namba za siri utaziandika wewe kwa mkono wako. Sisi tutageukia pembeni.