Picha ya simu haitoshi kutangaza ua jipya

Ndugu Mhariri,

Siku hizi kichaka chenye maua yasiyozoeleka kikionekana Pemba au Mafia, picha husambaa na habari hutoka kwamba spishi mpya imegunduliwa. Tunaomba subira. Kisayansi, mmea huwa mpya pale maelezo yake yanapochapishwa kwa Kilatini au Kiingereza (Kilatini peke yake kilikoma kuwa lazima mwaka 2012), yakitaja sampuli moja ya kielelezo na hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) inakohifadhiwa.

Sampuli hiyo ndiyo wengi huiharibu wakati wa kuikusanya. Kata tawi la sentimita 30 hadi 40 lenye majani na maua, na tunda likiwepo. Majani matupu hayasaidii sana, kwani tofauti nyingi zimo ndani ya ua. Lilaze kati ya magazeti ya zamani (hata hili lako, Mhariri), ulibane kwa mbao na mikanda, na karatasi zibadilishwe kila siku. Kwa unyevu wa visiwani, ukichelewa ukungu huota, majani yanakuwa meusi na kupukutika. Rangi ya ua iandikwe palepale, maana likikauka hupauka. Maua mawili matatu yatiwe kwenye spiriti ya asilimia 70 ili yasibonyee, na kipande cha jani kikaushwe kwa chembe za silika (silica gel) zinazonyonya unyevu, kwa ajili ya uchunguzi wa DNA, yaani vinasaba.

Vichaka vikiwa vichache, msiving'oe. Vilivyokomaa vikiwa chini ya 50, kwa vigezo vya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa asili, spishi hiyo iko katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Na gazeti lisitaje mahali hasa vilipo. Wauza miche nao husoma.

Wadau wa mimea,
Dar es Salaam