Jibril apewe nafasi yake katika mawaidha

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nieleze jambo moja kuhusu mawaidha tunayoyasikia misikitini na redioni. Wahadhiri wetu wanapofika kwenye kuamini malaika, nguzo ya pili kati ya sita za imani, wengi humkimbilia Izraili, ambaye Kurani haikumtaja kwa jina hilo bali imesema Malaika wa Mauti tu, huku Jibril, aliyekabidhiwa wahyi (ufunuo wa Mwenyezi Mungu kwa mitume), akipitiwa kwa sentensi moja.

Ilhali Kurani yenyewe, katika Sura ya 26 aya ya 193, inamwita Roho Mwaminifu, na uaminifu huo ndio unaomthibitishia Mwislamu kwamba maneno anayoyasoma yalimfikia Mtume (S.A.W.) bila kuongezwa wala kupunguzwa. Bibi Aisha, mkewe Mtume, amesimulia kwamba wahyi ulipomshukia Mtume siku ya baridi kali, paji la uso wake lilichuruzika jasho. Safari nyingine Jibril alikuja kwa umbo la mtu: Sayyidna Umar, sahaba wa Mtume, alimwona mgeni mwenye nguo nyeupe pee na nywele nyeusi tititi, asiye na dalili yoyote ya safari, akaketi magoti yake yakigusana na ya Mtume, akauliza kuhusu Uislamu, imani na ihsani, yaani kumwabudu Mungu kana kwamba unamwona.

Kila Ramadhani Jibril alidurusu Kurani pamoja na Mtume, na katika mwaka wa mwisho wa uhai wa Mtume walidurusu mara mbili. Darsa za Ramadhani zingeweza kuanzia hapo, kabla ya kufika kwa Munkari na Nakiri, malaika wanaomhoji maiti kaburini.

Msomaji wako,
Tanga