Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Spectrum Yetu Iliyogoma Kuwaka

Ndugu wanachama,

Mahudhurio na hesabu za mwaka mtazikuta katika taarifa za katibu na mweka hazina. Mimi nitajikita katika jambo moja lililokula jioni zetu nyingi na sehemu ya akiba ya vipuri, nalo ni ile ZX Spectrum, kompyuta ya nyumbani ya kampuni ya Sinclair, yenye kumbukumbu ya kilobaiti 48, tuliyokabidhiwa na mwenzetu, ambayo ilikataa kuanza.

Mashine ya aina hiyo iliingia sokoni hapa Uingereza mwezi Aprili 1982 kwa bei ya pauni 175. Ikiwa nzima, ukiichomeka kwenye umeme skrini hutiwa weusi wenye mistari myembamba myekundu kwa kitambo kidogo inapojipima kumbukumbu, kisha hugeuka nyeupe na maandishi ya hakimiliki ya Sinclair hujitokeza chini. Yetu ilituonyesha milia myeusi na myeupe, ikanyamaza hapo hapo.

Kilobaiti 16 za mwanzo za kumbukumbu yake zimo katika chipu nane za aina ya 4116, na kila chipu hubeba biti moja kati ya nane za kila baiti, kwa hiyo ikifa moja tu mashine nzima haianzi. Chipu hizo zinahitaji umeme wa aina tatu: volti 5, volti 12 na volti 5 hasi. Adapta huleta takriban volti 9 tu. Volti 12 na zile hasi hutengenezwa juu ya ubao wenyewe, kwa koili ndogo na transista mbili zilizoandikwa TR4 na TR5. Volti hasi zikipotea huku zile 12 zikiendelea kufika, chipu huungua.

Hapo ndipo tulipokosea, na lawama ni yangu. Tulizigusa chipu kwa kidole, tukaikuta moja ina joto kuliko wenzake, na mimi nikaruhusu ing'olewe na mpya ilehemiwe mahali pake, nikisema volti tutazipima baadaye. Mpya ile haikumaliza jioni. Wengi wetu tuliojifunzia ufundi kwenye redio za transista tulifundishwa kuanza na umeme kabla ya kugusa kitu kingine chochote, na sijui ni haraka gani iliyotusahaulisha.

Mita ya kupimia volti ilipotolewa hatimaye, volti 5 zilikuwepo, 12 zilikuwepo, na upande wa hasi hapakuwa na kitu. Fundi wetu aliifuata njia hiyo kwa kioo cha kukuzia hadi akaona risasi ya kulehemia iliyopasuka kwenye mguu wa diodi, kile kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Baada ya kuilehemu upya, kubadilisha kapasita zilizochakaa na kuweka soketi nane ili tusiuchome tena ubao kila chipu inapobadilishwa, maandishi ya hakimiliki yalitokea.

Kazi haijakwisha. Tulipoiuliza mashine, kwa amri ya PRINT PEEK 23732+256*PEEK 23733, mwisho wa kumbukumbu yake ni wapi, ilijibu 32767 badala ya 65535, maana yake inajiona kama ile ndogo ya kilobaiti 16. Kilobaiti 32 za juu zilijengwa kwa chipu za kilobiti 64 ambazo nusu yake ilikuwa mbovu tangu kiwandani, zikauzwa kwa bei nafuu na kutumika kwa nusu iliyo nzima. Ubahili uliofanywa kwa akili, lazima nikiri. Chipu kamili za aina ya 4164 zinaweza kuchukua nafasi yake.

Kwa hiyo naomba mkutano uidhinishe ununuzi wa chipu nane za 4164, na ukubali kuongezwa kwa safu moja katika daftari letu la matengenezo, ambamo volti zote zitaandikwa na kutiwa saini kabla kifaa cha kulehemia hakijapashwa moto. Saini ya kwanza itakuwa yangu.